Mabeki Wanne Hawatoshi

Mandugu, tuseme wazi. Kila kijana anayekuja mazoezini anataka kuwa Bakambu au Wissa. Uliza nani anacheza nyuma, watu wanaangalia chini kama wameulizwa nani ataenda kuchota maji. Mwishowe beki inakuwa mahali pa kumweka yule asiyejua chenga, ao yule aliyechelewa kufika. Sisi tunasema hiyo desturi iishe. Tutafute mabeki kwa makusudi, wanane au tisa, hata kabla ya kutafuta straika mmoja.

Sababu ni kwamba sisi ni timu ya watu wanaohama. Mtu anavuka Mpondwe, anakaa kwa ndugu Bwera miezi michache, halafu anapanda basi kwenda Rwamwanja au Kyaka II. Mwingine anarudi upande wa Beni kuangalia shamba, basi hatumwoni tena. Akiondoka straika tunaumia, lakini tunacheza. Straika aliyefika jana anaweza kufunga leo, juu mbio na shabaha havingoji kujuana. Beki ni tofauti kabisa. Mstari wa nyuma unapanda pamoja na kushuka pamoja. Mmoja akibaki nyuma hatua mbili, mtego wa kuotea umekufa, na mshambuliaji yuko peke yake na kipa.

Na kwetu kuna jambo la lugha. Mmoja anaita kwa Kiswahili cha Butembo, mwingine Lingala, mwingine Lukonzo, mwingine Luganda. Mabeki wanne wakishaelewana, siku wawili wanaondoka, lugha nzima ya nyuma imeenda nao. Afadhali maneno matatu tu, panda, shuka, yangu, lakini yajulikane na watu tisa.

Tazameni Leopards. Kocha wao Sébastien Desabre tunamjua hapa, aliwahi kufundisha Uganda Cranes. Kwenye Kombe la Afrika kule Kodivaa, mwanzo wa 2024, waliingia nusu fainali, ile mechi waliyosimama wakafunika midomo na kuweka vidole kichwani kwa ajili ya watu wa mashariki. (Wengi wetu tulilia, tusifichane.) Nyuma walikuwa na Chancel Mbemba wa Kinshasa, Henock Inonga aliyekuwa akichezea Simba ya Dar es Salaam, na Arthur Masuaku aliyezaliwa Ufaransa. Hawakusema inatosha. Baadaye wakamleta Axel Tuanzebe, mtoto wa Bunia aliyepelekwa Uingereza akiwa mdogo, akakulia Manchester United na kuchezea timu za vijana za Uingereza. Mwaka 2025 akaja Aaron Wan-Bissaka, mzaliwa wa London. Novemba mwaka huo wakaitoa Kameruni 1-0, bao la dakika za nyongeza, na mfungaji alikuwa Mbemba, beki. Siku tatu baadaye Nigeria ikatoka kwa penati.

Kuna wengine tunaofanana nao zaidi, ingawa wanacheza mpira wa yai: vyuo vikuu vya Marekani. Wachezaji wao ni wanafunzi, wakimaliza masomo wanaondoka, kwa hiyo kocha kila mwaka anazunguka shule za sekondari kutafuta wapya. Kwenye mstari wa mbele wa ulinzi wanasimama watatu au wanne, lakini anataka wengi zaidi ya hao, awabadilishe mechi ikiendelea, maana kazi ya kusukumana inachosha. Hangoji wa kwanza aondoke ndiyo amtafute wa pili.

Sasa tutawapata wapi? Kuna wanaosema timu ya wakimbizi ni ya wakimbizi. Hatukubali. Mnande wa Beni na Mkonzo wa Kasese wanasikilizana bila mkalimani. Hapa Nyakalengija kuna vijana wenyeji wanaobeba mizigo ya watalii kupanda Rwenzori kwa siku nyingi. Miguu ile tunapishana nayo barabarani kila asubuhi, halafu tunalalamika hatuna mabeki! Mwenyeji pia hahamishwi, akikaa katikati ya mstari anawafundisha wanaokuja. Na kama misaada ya wakimbizi Uganda inatakiwa kuwafikia wenyeji pia, kwa nini mpira uwe na ukuta?

Ninyi wakubwa wa mashirika, tunawashukuru kwa jezi. Lakini jezi kumi na moja zinatuambia tutafute watu kumi na mmoja. Kijana wa kumi na nne anakuja wiki mbili, anaona hana nguo wala dakika, anabaki nyumbani, na nyumbani hakuna kitu cha kufanya. Leteni ishirini, hata za rangi iliyopauka. Msitukumbuke Juni 20 tu, timu ikusanywe asubuhi na ivunjwe jioni. Na kijana anapohamishwa, apewe jina la mtu wa michezo atakayemkuta kule, ili asianze tena kukaa peke yake.

Jumamosi tunaandika majina, wavulana na wasichana. Karatasi ya mabeki itajazwa kwanza. Mastraika mtasubiri, tunawajua, mtakuja tu.