USIMFICHE BINTI WA WATU



Vijana wameniuliza kuhusu filamu ya Marekani ya mwaka 2000, Keeping the Faith. Padri na rabi, marafiki tangu utotoni, wanampenda mwanamke mmoja, Anna. Inachekesha, sikatai. Ila mimi nilimtazama yule rabi. Anamtaka Anna, lakini kwa kuwa si Myahudi anamficha mama yake na waumini wake.

Ndugu yangu, wangapi kwetu wanafanya hayo hayo? Binti Mkristo, mwaka wa pili sasa, kwenye simu umemwandika "Fundi Bomba". Ukiulizwa: "Atasilimu tu siku ya nikahi." Umemuuliza mwenyewe? Shahada si fomu ya kujaza ili ndoa ipite. Hata Anna, mwishoni tunaona alikuwa akijifunza dini ile kimyakimya, wala hakusukumwa na mtu.

Mnapenda kunitajia Surat al-Maida, aya ya 5, kwamba mwanamke wa Ahlul-Kitabi anaoleka. Naam, aliyejihifadhi, na kwa mahari. Isomeni mpaka mwisho: aya hiyo hiyo inakataza mahawara wa siri.

Binti huyo ana baba. Ijumaa hii nenda ukajitambulishe, na jina lake kwenye simu ulirekebishe.