Mwisho wa mwezi, agizeni sahani moja ngeni

Familia nyingi zikitoka kwenda kula mwisho wa mwezi, menyu haifunguliwi kabisa. Mhudumu akifika, jibu liko tayari: chipsi kuku kwa watoto, wali nyama kwa baba na mama, soda baridi. Mzazi hataki kulipia chakula kitakachorudi jikoni. Ana haki, pesa haiokotwi.

Lakini mtoto huyo kesho ataenda shule ya bweni, au likizo kwa bibi. Huko hakuna menyu. Aliyezoea kuonja halali njaa ugenini, wala hamvunji moyo mwenyeji.

Wataalamu wa lishe wanaeleza kwamba kukataa chakula kigeni ni kawaida, hasa kwa watoto wa miaka 2 hadi 6. Si ukorofi. Mtoto anaweza kuhitaji kuonja chakula kilekile mara 10 au zaidi kabla hajakipenda. Kwa hiyo "sitaki" ya leo isikukatishe tamaa.

Jaribuni hivi. Kila mtu aagize anachokipenda, kisha ongezeni sahani moja ngeni, iwekwe katikati ya meza. Isipopendwa, hasara ni ndogo. Wa bara waonje mbaazi za nazi kwa mahamri. Wa pwani waonje matoke. Mkipata mgahawa wa Kiethiopia, agizeni injera, mkate mwembamba wenye uchachu, wa unga wa nafaka ndogo iitwayo tefu. Mnakula sinia moja kwa mikono, na watoto hufurahia hilo kabla hata ya ladha. Mwambieni mhudumu mapema apunguze pilipili. Kama mtoto ana mzio wa karanga, mayai au kamba, ulizeni kwanza kilichomo.

Mzazi, onja wewe kwanza, na usikunje uso. Tonge moja la mtoto linatosha. Usimwahidi aiskrimu akimaliza, maana atajifunza kwamba chakula ni adhabu na aiskrimu ndiyo malipo. Akikataa, mwambie, "Sawa, siku nyingine," kisha endeleeni kula kwa furaha. Anawatazama.

Njiani kurudi nyumbani, muulize kila mmoja: ile ladha imefanana na nini? Hata aliyetema atakuwa na jibu, na mwezi ujao huenda akataka kuchagua sahani ngeni yeye mwenyewe. Mpeni nafasi hiyo.