Kabla ya kupandisha magunia darini, tupige hesabu

Ukitoka Bunju kwenda Bagamoyo, kuanzia Mapinga, Kerege hadi Zinga, utaona nyumba mpya nyingi zenye mapaa marefu ya mabati. Chini ya mapaa hayo kuna nafasi kubwa ambayo haina kazi zaidi ya kutunza joto na popo. Mavuno yanapoingia, mwenye nyumba huangalia juu na kujiuliza: kwa nini nisiweke mahindi yangu huko?

Swali hilo ni la msingi. Mavuno ya masika hutoka karibu wakati mmoja, bei ikashuka, na mkulima asiye na pa kuweka akauza kwa bei ya kutupa. Miezi michache baadaye mkulima huyo huyo hununua unga dukani kwa bei ya juu. Hivyo basi, mahali pa kuhifadhia ni mtaji. Tatizo ni kwamba wengi wetu tunapandisha magunia kwanza, mipango inafuata baadaye.

Mfano ninao nyumbani kwetu. Baba yangu mdogo, ambaye ni mkulima huko Kerege, aliambiwa na fundi kwamba dari yake itabeba tu. Akapandisha magunia 14. Wiki ya tatu dari ilibonyea, misumari ikachomoka, na magunia yakaangukia chumba cha watoto. Ilikuwa mchana, watoto wako shuleni. Tulimshukuru Mungu, lakini matengenezo yalimeza faida yote aliyokuwa akiingojea.

Sasa tupige hesabu ambayo hakuipiga. Magunia 14 ya kilo 100 ni kilo 1,400, sawa na uzito wa gari dogo. Sakafu ya juu ya nyumba ya kuishi kwa kawaida hutengenezwa ili ibebe kilo 150 hadi 200 kwa kila mita moja ya mraba. Ukipanga magunia matatu, moja juu ya jingine, mita hiyo imekwisha kubebeshwa kilo 300 au zaidi. Tena hapo tunazungumzia sakafu. Dari ya kawaida imetengenezwa kubeba silingibodi peke yake.

Wazee wetu walilijua jambo hili. Ukiingia katika nyumba za mawe za Mji Mkongwe wa Bagamoyo utakuta vyumba vyembamba. Upana wake ulifuata urefu wa boriti za mikoko zilizobeba sakafu ya juu. Walipima boriti kwanza, chumba kikafuata. Sisi tunajenga chumba kipana, tunaezeka, halafu ndipo tunaiuliza mbao kama ina nguvu.

Kosa jingine ni kumruhusu fundi akate mbao za kenchi ili kupata nafasi ya kupita. Kenchi imefungwa pamoja, na mbao ya chini ndiyo inayozuia paa lisisukume kuta kwenda nje. Ukiikata umedhoofisha nyumba nzima.

Suala la pili ni joto na unyevu. Mchana bati linachoma, usiku linapoa na kutoa matone. Mahindi ya kula hayafai kuzidi unyevu wa asilimia 13 hivi, na hewa ya pwani huyarudishia unyevu yakiwa katika magunia ya kawaida. Hapo ndipo ukungu na sumukuvu vinapopata nafasi. Mbegu ndizo zinazoumia zaidi, kwani joto hupunguza uwezo wake wa kuota. Uchaga wa bibi zetu juu ya mafiga ulifanya kazi kwa sababu moshi ulikausha nafaka na kufukuza wadudu. Chini ya bati hakuna moshi huo.

La tatu ni la uhai. Wapo wanaoweka vidonge vya kufukizia nafaka ili kumuua dumuzi. Vidonge hivyo hutoa gesi ya fosfini, ambayo ni nzito kidogo kuliko hewa na huua binadamu. Ukiviweka darini, gesi inaweza kushuka kwa waliolala chini. Vidonge hivyo visitumike kabisa ndani ya nyumba wanamolala watu.

Je, faida iko wapi? Tuseme kungoja bei kunakuongezea shilingi 20,000 kwa gunia. Magunia 14 yatakupa shilingi 280,000 kwa msimu. Kama dari imara, pamoja na boriti, mbao na ngazi, itakugharimu shilingi milioni mbili, utaingoja fedha yako kwa zaidi ya miaka saba. Lakini mifuko isiyopitisha hewa, tuseme kwa shilingi 5,000 mmoja, ni shilingi 70,000 tu, na inarudi msimu huo huo. Kausha vizuri, funga barabara, panga juu ya vichaga vya mbao chumba cha chini, mbali na ukuta. Weka bei za sokoni kwako, uone hesabu inasema nini.

Sisemi nafasi ya juu ibaki tupu. Mfanyabiashara anaweza kuweka huko ndoo za plastiki, vikapu, mikeka na maboksi matupu. Na kwa anayejenga sasa, wakati wa kupanga ni kabla ya kuezeka: eleza mzigo unaokusudia, uchorewe, na uombe kibali cha ujenzi halmashauri. Kwa nyumba za Mji Mkongwe, waulizwe kwanza watu wa Mambo ya Kale.

Ndugu mkulima, mahindi yakiharibika utalima tena msimu ujao. Wanaolala chini ya dari hawana msimu mwingine. Mahindi na yakae chini.