Ushauri wa Ndoa ni Amana: Tusome Kwanza, Ndipo Tufungue Ofisi

Maharusi mnaojiandaa, haya ni yenu hasa.

Siku hizi ukifungua simu hukosi tangazo la mshauri wa ndoa. Juzi dada alikuwa anauza mitandio na udi, leo ni mnasihi, ana namba ya kutumia pesa na kundi la WhatsApp lenye kiingilio. Hatumsemi vibaya, maana hata sisi tamaa hiyo imetuingia. Sisi ni mafundi wa nguo za harusi hapa Ujiji, elimu yetu ni sekondari na kozi ya ushonaji, na kwa muda sasa tumekuwa tukijiuliza kama kazi yetu ya pili isiwe hii ya kukaa na watu na kusikiliza yaliyowalemea. Maoni yetu ni kwamba kazi hiyo ni ya heri na malipo yake si aibu, ila anayeiingia kwa moyo mzuri peke yake ataumiza watu. Tunalisema hili kwa sababu sisi tumeshaumiza mmoja.

Bi harusi huja kwetu mara tatu: kupimwa, kujaribu, na kuchukua nguo. Mara ya kwanza mazungumzo ni shingo na mikono. Mara ya pili amesimama nyuma ya pazia, nguo ina pini kiunoni, hawezi kukaa wala kutoka, na mama yake yuko nje anabishana bei ya lesi. Hapo ndipo maneno hutoka. Mwingine anaogopa usiku wa kwanza. Mwingine hamtaki bwana harusi na mahari imeshapokelewa. Mwingine ana jambo la utotoni ambalo hajawahi kulisema kwa mtu. Na si maharusi tu. Wapo wake wa wavuvi wa Katonga na Kibirizi, na wapo ambao waume zao walivuka ziwa kwenda Kalemie au Uvira kutafuta riziki, mwaka umepita na simu haipatikani. Mama wa namna hiyo huleta kitenge, ukimuuliza anataka mshono gani anasema wowote tu. Hakuja kushona.

Basi alikuja binti mmoja, akatuambia jambo. Hatuliandiki hapa wala popote. Tuliona ni zito, tukasema tumsaidie, tukamwendea shangazi yake tunayemwamini. Nia ilikuwa njema wallahi. Shangazi naye akamwambia mtu anayemwamini. Kufika Ijumaa maneno yalikuwa yameshafika kwa wakwe. Harusi ilifungwa, lakini binti hakuja kuchukua nguo, alimtuma mdogo wake. Mpaka leo tukikutana naye njiani anatuamkia kwa adabu na anapita. Hatujui tungefanya nini tofauti, na hiyo ndiyo hoja yenyewe: mtu aliyesomea kazi hii anafundishwa la kufanya. Anajua lini anyamaze kabisa, lini siri inabidi ifunguliwe kwa sababu maisha ya mtu yako hatarini, na anamweleza mteja wake hayo mapema, kabla hajafungua mdomo. Sisi tulikuwa na masikio tu.

Watasema somo yupo, ushauri wa kununua wa nini? Somo tunamheshimu, sisi wenyewe tulichezwa na tukafunzwa. Lakini kazi yake ni kumfundisha mwari mambo ya unyumba, adabu, usafi, namna ya kuishi na mume. Somo anasema, mwari anasikiliza. Mnasihi kazi yake ni kinyume cha hapo. Tena somo mara nyingi ni jirani au mtu wa ukoo, na hapa Ujiji mtaa mzima ni ndugu. Ukimwambia mmoja umewaambia wote. Yapo pia mabaraza ya usuluhishi ambayo Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inataka mgogoro upite huko kwanza kabla ya shauri la talaka kufika mahakamani. Hayo yana faida yake, ila hayakuwekwa kwa ajili ya binti anayelia nyuma ya pazia.

Jambo jingine linalotuzuia ni jina lenyewe. Kwa wengi wetu "ushauri nasaha" ni kile kiti ulichokalia kabla ya kupimwa virusi vya UKIMWI, kwa hiyo ukimwambia mtu nenda kapate ushauri nasaha anashtuka. Kigoma tungepaswa kuwa tumeshalivuka hili. Mei 2015 tuliwaona Warundi waliokwama ufukweni Kagunga, MV Liemba ikiwaleta mjini, kisha safari ya kwenda Nyarugusu. Waliohitaji mahema, maji na dawa ya kipindupindu walihitaji pia mtu wa kuzungumza nao. Kama mkimbizi aliyepoteza nyumba anahitaji hilo, mjane wa mvuvi aliyezama analihitaji pia.

Kwa wanaodhani kazi hii ni ya wenye digrii peke yao, tazameni Zimbabwe. Daktari Dixon Chibanda alianzisha Harare mpango uitwao Friendship Bench mwaka 2006, bibi wa mtaani wanakaa na mgonjwa kwenye benchi nje ya zahanati na kumsaidia kukabili tatizo lake. Kwa Kishona ugonjwa wa mawazo wanauita kufungisisa, kuwaza kupita kiasi, karibu sawa na sisi tunaposema fulani "ana mawazo". Utafiti uliochapishwa mwaka 2016 ulionyesha waliokaa na bibi hao walipata nafuu kuliko waliopewa huduma ya kawaida. Ila tusichukue nusu ya habari. Bibi wale walifundishwa kwanza, na wana wasimamizi juu yao wa kuwauliza na kuwasahihisha. Hawakuamka asubuhi wakabandika kibao.

Dini yetu nayo haikumziba mwanamke mdomo. Bibi Khawla bint Tha'laba alimfuata Mtume (SAW) kumlalamikia mumewe aliyemfananisha na mgongo wa mama yake, na Mwenyezi Mungu akateremsha Suratul Mujadila. Bibi Aisha (RA) amesimulia kwamba alikuwa karibu pale nyumbani na bado baadhi ya maneno ya Khawla hakuyasikia. Sisi hapo huwa tunasimama. Shauri lile lilisikiwa juu ya mbingu saba, na aliye jirani tu hakulipata lote. Mnaouliza kama kumweleza mnasihi mambo ya mume ni kusengenya, Imam Nawawi katika Riyadhus Swalihin ametaja hali ambazo kumtaja mtu kwa aibu yake kunaruhusiwa, ikiwemo kumweleza anayeweza kukuondolea dhuluma au kukupa fatwa. Sisi si mashekhe, muulizeni shekhe wenu mipaka yake, hasa mambo ya chumbani.

Na pesa? Tunaambiwa nasaha ni sadaka, vipi uiuze. Mbona somo hupewa khanga na bahasha na hakuna anayenung'unika! Malipo yana kazi yake. Ukimlipa mtu kwa saa moja, saa ile ni yako, si ya wateja wanaoingia na kutoka, na hadai umwalike harusini wala umpe habari zaidi wiki ijayo. Mtu wa bure hudhani ana haki ya kujua mwisho wa hadithi.

Kwa upande wetu tumepiga hesabu. Aliyeishia kidato cha nne kama ana ufaulu unaotakiwa huanza na astashahada, kisha stashahada, kisha shahada, karibu miaka sita. Taasisi ya Ustawi wa Jamii ipo Dar es Salaam tangu mwaka 1973, na Chuo Kikuu Huria kina kituo hapa Kigoma kwa asiyeweza kuacha duka na watoto. Miaka sita ni mingi, tutakuwa tumepita arobaini. Na tukimaliza hatutawahudumia wateja wetu wa nguo wala ndugu zetu, ambao ndio mji wote, kwa hiyo ofisi itabidi iwe mbali, labda Kasulu. Tumeliwaza hilo mara nyingi na bado tunataka.

Kwa sasa tunashona. Pazia la chumba cha kujaribia tumelibadilisha kwa mlango wa mbao. Bi harusi akianza kusema mazito tunamwambia kabla hajaendelea: sisi ni mafundi, hatujasomea hili, tutakusikiliza na hatutamwambia mtu, na ukitaka aliyesomea tutakusindikiza hadi ustawi wa jamii au Hospitali ya Maweni. Wapo wanaonyamaza hapo hapo. Wawili wamekubali kusindikizwa.