Papa mdogo naye ana roho

Huko Florida, Marekani, watu huingia maji ya magotini kuvua papa wadogo kwa chambo bandia. Papa hutegemea sana harufu, na plastiki haina damu, basi hupitishwa polepole karibu na jicho lake. Ndoana hunasa mdomoni, haifiki tumboni mara nyingi kama yenye kipande cha samaki. Hilo nalisifu. Sheria yao nayo huruhusu papa 1 kwa mtu kwa siku.

Kuvua kitoweo ni halali. Lakini kumchosha kwa ajili ya picha, kisha kumwachia? Wengine hufa baadaye, na papa huzaa watoto wachache. Vijana wetu mlioko huko, kama hamtamla, msimtupie ndoana.