Kengele Isiyosikiwa

Usiku wa tarehe 29 Desemba, 1972, ndege aina ya Lockheed TriStar iliyotoka New York, ikiwa na watu 176, ilikuwa ikijitayarisha kutua Miami, Marekani. Taa ndogo ya kuonyesha kwamba gurudumu la mbele limeshuka na kujifunga haikuwaka. Marubani waliipandisha ndege hadi futi 2,000, yaani kiasi cha mita 600, wakauachia mtambo wa kujiendesha kazi ya kuishikilia hapo, kisha wakaishughulikia taa. Mhandisi wa ndege alishuka chini ya sakafu kulichungulia gurudumu.

Inaaminika kwamba rubani mkuu aliusukuma usukani kidogo bila kujua, na mtambo ukaacha kukilinda kimo. Ndege ikashuka polepole gizani. Kengele ya kimo ililia kwa nusu sekunde tu, penye kiti cha mhandisi ambaye hakuwapo. Hakuna aliyeitikia. Ndege ilianguka katika vinamasi vya Everglades, na watu 101 walikufa. Gurudumu lilikuwa limeshuka barabara. Balbu za taa ndizo zilizoungua.

Wachunguzi walisema kwamba marubani hawakuviangalia vipimo vyao. Ni kweli, lakini kwa maoni yangu hiyo ni nusu ya kweli. Wahenga walinena: mshika mawili, moja humponyoka. Hiyo si aibu ya mtu mmoja, bali ni tabia ya akili ya binadamu. Na mbuni wa mitambo hana budi kuijua kama ajuavyo nguvu ya chuma. Kengele inayolia mara moja, mbali na anayepaswa kuisikia, imetimiza sharti la fundi bila kutimiza haja ya rubani.

Tangu katikati ya miaka ya 1970, ndege za abiria zilianza kuwekewa chombo kinachopima umbali wa ardhi kwa mawimbi ya redio. Ardhi ikikaribia kwa hatari, chombo humwamuru rubani kwa maneno apande juu, wala hakinyamazi mpaka hatari ipite.

Basi, mwalimu, wanafunzi wako watakapounda kengele ya umeme maabarani, usiwaulize tu kama inalia. Waulize pia: nani ataisikia, na wakati huo atakuwa akifanya nini?