Abiria Asiyeandikwa Daftarini

Alhamisi, tarehe 20 Septemba 2018, ilikuwa siku ya gulio huko Bugolora, kisiwani Ukerewe. Mchana ule watu wa Ukara walikuwa wakirejea kwao kwa kivuko cha MV Nyerere, pamoja na mizigo yao. Kivuko kile kilipimwa kuchukua watu 101. Kilipinduka karibu na gati la Bwisya, nchi kavu ikionekana kwa macho. Walikufa watu 228, wakaokolewa 41. Jumlisha mwenyewe, ndugu msomaji. Siku ile hapakuwa na mtu aliyeweza kutamka kwa hakika idadi ya waliopanda. Ilijulikana baadaye, maiti zilipoopolewa majini.

Jambo hili halikuwa geni katika Ziwa Victoria. Tarehe 21 Mei 1996 meli ya MV Bukoba ilizama ikiwa safarini kwenda Mwanza. Abiria wa daraja la kwanza na la pili walikuwa na orodha. Wa daraja la tatu hawakuwa nayo. Ndiyo sababu hata leo idadi ya waliokufa hutajwa kwa kukadiria, wengine wakisema mia nane na zaidi, wengine wakikaribia elfu moja. Mwenye nauli ndogo hakuandikwa alipopanda, basi hata kifo chake hakikuandikwa sawasawa.

Yafaa tuseme kweli, ingawa kweli hii yatuuma sisi wenyewe. Msiba kama huu ukitokea, twapenda kumtafuta mfanyabiashara mwenye tamaa tumtwike lawama. Hapa hayupo. Vyombo vyote viwili vilikuwa mali ya umma, na nauli ilipokewa kwa niaba ya umma.

Chombo hakizamishwi na dhoruba peke yake. Kikijazwa kupita kipimo hudidimia zaidi majini, na watu na shehena wakirundikana juu, hukosa nguvu ya kujiinua kinapolala upande. Abiria wakisogea wote upande wa gati ili wawahi kushuka, hata maji matulivu huua.

Wapo watakaosema kwamba wananchi wenyewe ndio wanaosukumana kupanda. Ni kweli. Lakini mtu wa kisiwani mwenye mgonjwa, au mwenye samaki wanaoharibika, naye ajua kwamba chombo kingine hakuna mpaka kesho, afanyeje? Kumhubiria uvumilivu mtu huyo bila kumwongezea safari ya pili siku ya gulio ni kumdhihaki.

Tarehe 6 Novemba 2022 ndege ya abiria ilianguka katika ziwa hilo hilo, karibu na uwanja wa Bukoba. Ilikuwa na watu 43. Walikufa 19, wakapona 24, na wa kwanza kuwafikia walikuwa wavuvi na mitumbwi yao. Idadi ya waliokuwamo ilijulikana siku hiyo hiyo, kwa sababu kila mmoja aliandikwa kabla ya kupanda. Hatuoni kwa nini mwenye tiketi ya ndege ahesabiwe, na mwenye tiketi ya kivuko aachwe kuhesabiwa na wazamiaji. (Wavuvi wale wenyewe, wanaozama mmoja mmoja usiku, nani huwaandika?)

Twataka basi karani wa gatini apewe madaraka ya kuzuia chombo kisiondoke, hata nahodha akikasirika, hata akiwamo mkubwa mwenye haraka zake. Majina yaandikwe, watoto wa mgongoni wakiwamo, na nakala ya orodha ibaki nchi kavu, maana orodha iliyozama na chombo haina faida. Majaketi ya kujiokolea yasifungiwe kabatini. Yavaliwe kabla kamba haijafunguliwa.

Karani huyo atatukanwa kila siku ya gulio, atakapomrudisha abiria wa 102 na kikapu chake. Chama na Serikali vimlinde, wala asipigiwe simu kutoka wilayani kuambiwa amwache mtu mmoja tu apite.